Miaka 33 ya kuchonga bila mkopo: hekalu la Kauai na zamu za saa tatu tatu

Kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, kando ya mto Wailua, kuna hekalu la Kihindu linaitwa Iraivan. Mawe yake ni granaiti nyeupe, yamechongwa kwa mkono nje ya Bangalore kule India, yakapakiwa kwenye makontena, yakavushwa bahari, halafu yakaja kupangwa jiwe juu ya jiwe na mafundi wachache waliofuata mawe yao hukohuko kisiwani. Jiwe la kwanza lilipigwa tindo mwaka 1990 na ufunguzi rasmi umekuja Machi 2023. Piga hesabu hapo, miaka 33, kuna watu wamezaliwa wakasoma wakaoa wakapata watoto na jengo bado linachongwa.

Ukisoma yanayoandikwa kuhusu hili hekalu karibu yote ni mawe, mawe, mawe. Minyororo iliyotolewa kwenye pande moja la jiwe bila kiungo, simba mwenye tufe mdomoni ambalo linazunguka ila huwezi kulitoa, nguzo ambazo ukizigonga zinatoa sauti kama ala ya muziki. Sawa, hata mi nimekaa naangalia zile picha mpaka bando likakata. Lakini mawe yanachongwa popote penye hela na fundi. Kitu adimu pale ni kundi la wanaume kama 20 hivi, hawana wake hawana mishahara, ambao wameshikilia ratiba moja kwa miaka zaidi ya 50, na nikiangalia historia yote naona hiyo ratiba ndo iliyojenga lile hekalu, na hiyohiyo ndo sehemu ya jengo iliyo rahisi kubomoka kuliko zote.

Tuanze na wenyewe. Mahali panaitwa Kauai Aadheenam, ni monasteri ya Washaiva, yaani Wahindu wanaomwabudu Shiva, kwa mapokeo ya Watamil wa India kusini na Sri Lanka. Mwanzilishi hakuwa Mhindi. Alizaliwa California mwaka 1927, ujanani alikuwa mcheza baleti San Francisco, akaacha yote akaenda Sri Lanka, na mwaka 1949 huko Jaffna akapokelewa na mzee mmoja aliyekuwa anaheshimika sana na Watamil, Yogaswami, akarudishwa Marekani kufundisha. Jina lake kamili la kitawa ni Satguru Sivaya Subramuniyaswami, wafuasi wanamwita Gurudeva basi. Mwaka 1970 akahamia Kauai na watawa wake, 1973 wakasimika hekalu dogo la Kadavul, na Februari 1975 akasema kaona maono, Shiva anatembea kwenye lile bonde halafu kaketi juu ya jiwe kubwa. Hapo ndo habari ya Iraivan ilipoanzia. Maono ni ya mwenye kuyaona, sina la kubisha wala la kuthibitisha, mi ninachofuatilia ni alichofanya baada ya hapo.

Na alichofanya baada ya hapo ni kutulia. Miaka 15 ilipita kati ya maono na jiwe la kwanza. Walifyeka vichaka, wakapanda miti, mwaka 1984 wakaotesha msitu mzima wa rudraksha, ile miti ya Himalaya ambayo mbegu zake zinatungwa kuwa tasbihi za Wahindu, wakaanzisha gazeti lao tangu 1979 ambalo mpaka leo linatoka, wakafundisha vijana. Mwaka 1987 ikafika lingam, yaani ile alama ya Shiva inayoabudiwa, itakayokaa ndani ya hekalu, kristali ya asili ya kilo kama 318 iliyotoka ardhini Arkansas, wakaiweka Kadavul wakawa wanaihudumia huku nyumba yake haina hata msingi. Mradi wa kwetu ungeshaundiwa kamati tatu na kuvunjwa zote.

Sasa hiyo ratiba yenyewe ikoje? Wanaamka gizani, na kile kisiwa kimejaa kuku wa porini kila kona kwa hiyo usingizi wa alfajiri usingekuwepo hata kwa asiye mtawa. Wanaoga, wanakusanyika Kadavul kwa puja, yaani ibada ya kutoa sadaka na sala, wanakaa kutafakari pamoja kimya, ndo kazi zianze. Chakula ni mboga tu, hamna nyama hamna samaki hamna yai, sehemu kubwa inatoka shambani kwao, maziwa ya ng'ombe wao, asali ya mizinga yao. Kazi zimegawanywa kwa vikundi vitano na kila kikundi kina jina mojawapo la Ganesha, yule mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, kuna wanaoandika na kuchapisha, kuna wa kufundisha, kuna wa bustani na majengo, wa ibada na jikoni, wa hesabu na ofisi. Mavazi yanakuambia mtu yuko hatua gani: nyeupe kwa wanaoanza, njano kwa waliosonga, rangi ya machungwa kwa walioapa maisha. Wanaoanza nadhiri zao zina muda, zinaisha zinarudiwa, na naona hilo ni jambo la busara sana kwa sababu kijana wa miaka 20 na kitu anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba hataki ndoa, mpaka afike 28.

Kwa msomaji wa Tanzania anayewajua Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho, mpaka hapa hamna cha ajabu. Sala na kazi, karakana, mashine ya kuchapa vitabu, shamba, kengele. Ila hawa wa Kauai wana kitu kimoja cha ziada. Siku nzima, usiku na mchana, imekatwa vipande vya saa tatu tatu, na kwa kila kipande kuna mtawa mmoja yuko zamu ndani ya Kadavul, anakesha, anafanya puja, anampisha anayefuata. Tangu 1973. Saa tisa ya usiku kuna mtu. Mvua ya Kauai, na hicho kisiwa kina mlima Waialeale ambao ni kati ya sehemu zinazonyesha kupita kiasi duniani, mvua inapiga bati na kuna mtu yuko mle ndani na kengele yake na taa yake ya mafuta. Si kwamba kuna mwumini anamsubiri, saa hizo waumini wamelala.

Mtu mwingine atauliza hii inahusiana nini na ujenzi. Inahusiana sana, kwa sababu jamii iliyozoea kupokezana zamu bila kuona mwisho haina haraka na jengo. Gurudeva aliweka masharti ambayo mkandarasi wa kawaida angeyakataa siku ya kwanza: kila kitu kichongwe kwa mkono ili ule ufundi wa zamani usife, na kusiwe na mkopo hata senti. Hela ikiingia mnachonga, hela ikipungua mnapunguza mafundi. Michango ilitoka kwa watu wa nchi nyingi, Watamil wa Malaysia, Singapore, Mauritius, Marekani kwenyewe, na sehemu ya michango haikwenda kwenye mawe kabisa, iliwekwa kwenye mfuko wa kudumu wa kulitunza hekalu likishakamilika.

Hilo la mfuko watu wanalipita haraka, mi nasema ndo lenye akili kuliko yote. Sote tunazijua nyumba za ibada zilizofunguliwa kwa mbwembwe, mgeni rasmi kakata utepe, na miaka kumi mbele paa linavuja, vyoo vimeziba, na mchungaji au imamu anatangaza mchango wa rangi kila wiki, kwa sababu bajeti nzima iliishia kwenye marumaru na hakuna aliyewaza kwamba jengo nalo linakula. Na Iraivan lilihitaji huo mfuko zaidi ya jengo la kawaida, maana halina biashara. Hawafungishi harusi mle ndani, hamna ukumbi wa kukodisha, wenyewe wanasema ni hekalu la kutafakari na kuhiji tu, ukiwa na shida zako za kazi na mchumba peleka kwenye mahekalu mengine. Sasa ukijiondolea harusi umejiondolea chanzo kikuu cha mapato cha nyumba nyingi za ibada, lazima uwe na hela imekaa pembeni inazaa.

Twende kwenye msingi, hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndo nilipoacha kuwaona kama wazee wa ndoto na kuanza kuwaona kama watu wa hesabu. Walitaka jengo la miaka 1000. Kwa zege la kawaida hiyo haipo, na mtu yeyote aliyekaa Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar anajua kwa nini: nondo. Chumvi ya bahari inapenya zege, nondo inashika kutu, kutu inavimba, zege linapasuka na kumeguka kutoka ndani, unakuta boriti ya ghorofa la miaka 40 imechanua nondo ziko nje. Kauai nako ni kisiwa, chumvi iko hewani na mvua hazikatiki. Kwa hiyo mwaka 1999 wakamtumia profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, P. Kumar Mehta, bingwa wa mambo ya zege, na jibu lake likawa kuondoa nondo zote. Hamna chuma kabisa kwenye msingi.

Lakini zege bila nondo likipata ufa hamna kinachoushikilia, kwa hiyo inabidi uzuie ufa usizaliwe. Ufa kwenye zege nene unatokana sana na joto, saruji ikichanganyika na maji inachemka, ndani kunakuwa na moto nje kumepoa, linapasuka lenyewe kabla hata hujaliwekea mzigo. Mehta akapunguza saruji sana, kwenye kila mita ya ujazo kilo 106 tu za saruji na kilo 142 za majivu ya makaa ya mawe, yale mavumbi laini yanayokamatwa kwenye mabomba ya mitambo ya umeme. Yaani majivu ni mengi kuliko saruji. Majivu hayachemki kwa pupa, yanakula chokaa inayoachwa na saruji na kuziba vitundu vidogovidogo, zege linakuwa gumu polepole kwa miezi badala ya siku. Wakamwaga tabaka mbili, kila moja mita 36 kwa 17 na unene wa sentimita 61. Fundi wa kwetu aliyezoea kutoa mbao baada ya wiki na kupandisha tofali angerukwa na akili.

Na juu ya huo msingi hekalu lenyewe nalo halina chuma cha kulishika, mawe yanakaa kwa uzito wake, kila jiwe linabanwa na la juu yake. Hii mantiki tunayo hapa nyumbani. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani ulianza karne ya 11 ukaja kupanuliwa baadaye, mawe ya matumbawe na chokaa, hamna nondo hata moja, na ijapokuwa sehemu za paa zilianguka, kuta na nguzo na kuba kadhaa bado unazikuta pale na chumvi yote ile ya bahari. Ghorofa la juzi la Kariakoo sijui tutalikuta baada ya miaka 80.

Ila kuna swali gumu zaidi, la mikono. Watawa hawakuchonga granaiti. Waliochonga ni mafundi wa India, chini ya V. Ganapati Sthapati, msanifu mkubwa wa mahekalu ya kusini ambaye naye kafariki 2011 kabla jengo halijaisha. Kule nje ya Bangalore ilianzishwa kambi nzima, mafundi na familia zao wanaishi palepale, tindo za chuma zinanolewa upya kwa moto wa makaa kila siku kwa sababu granaiti inazila. Watetezi wanasema ufundi uliokuwa unakufa umepata kizazi kingine, mafundi walipata kazi ya uhakika ya miaka mingi na nyumba, na hilo si dogo, fundi mwashi wa kawaida India au hapa kwetu anaishi kwa kibarua cha leo cha kesho hajui. Nakubali. Lakini tusijifanye hatuoni kwamba utulivu wa Kauai umesimama juu ya kazi ya vumbi na jua ya watu ambao wengi wao hawajakanyaga Hawaii, na kwamba tofauti ya thamani ya dola na rupia ndo iliyofanya uvumilivu wa miaka 33 uwezekane kibajeti. Kwa mishahara ya Hawaii kuchonga kwa mkono wasingefika hata nusu, nina uhakika. Sisemi ni dhambi, nasema liandikwe kwenye hesabu.

Na ardhi nayo. Bonde la Wailua lilikuwa takatifu kwa Wahawaii wenyewe kabla ya mtu yeyote kuja na Shiva, mpaka leo kuna mabaki ya sehemu zao za ibada kuanzia mdomo wa mto kupanda juu. Watawa wanaliheshimu hilo waziwazi, nawapa haki yao, ila heshima ya mgeni na umiliki wa mwenyeji ni vitu viwili.

Sasa linganisha na Wahindu tunaowajua sisi wa Afrika Mashariki, Waswaminarayan wa BAPS, jumuiya ya Kihindu iliyoanzia Gujarat, India. Hekalu lao la Neasden, London, lilifunguliwa 1995, na nyuma yake kuna Wagujarati wengi waliotoka Kenya, Uganda na Tanzania, wengine walifukuzwa na Amin 1972 na begi moja. Mawe yalitoka Bulgaria na Italia, yakapelekwa India kuchongwa na mafundi zaidi ya elfu moja, yakarudi Uingereza kama vipande 26,300, jengo likasimama ndani ya miaka kama mitatu. Halafu 1999 wakafungua la Nairobi pale Forest Road (siku hizi Prof. Wangari Maathai Road), nalo mawe na mbao zake zilichongwa India. Wale wana waumini maelfu, wana wafanyabiashara, watu wa kukusanya makopo ya alumini kuyauza, vijana wa kujitolea wanaoacha kazi miezi kadhaa. Nguvu yao ni umati, kwa hiyo wanajenga haraka na jengo linajaa siku ya pili, kuna shule, kuna mazoezi, kuna harusi.

Kauai hawana umati. Kisiwa kizima kina watu kama 73,000 na Wahindu ni wachache mno, mahujaji wanakuja kwa ndege. Kwa hiyo wao nguvu yao ilibidi iwe muda. Watu wanaopenda kusema polepole ni bora kuliko haraka watalipenda hili la Kauai, mi sikubaliani nao moja kwa moja. Kama una watu elfu 20 wanaosubiri pa kuabudia, kuwachelewesha miaka 33 ili uchonge kwa mkono ni ukatili. Polepole imefaa Kauai kwa sababu hakuna aliyekuwa amesimama nje kwenye mvua, Kadavul lilikuwepo, zamu ziliendelea, lingam ilikuwa inahudumiwa.

Na polepole ina gharama yake, wakubwa wanakufa njiani. Gurudeva aliondoka Novemba 2001 wakati kazi ya kupanga mawe pale Kauai ndo kwanza imeanza. Mradi mwingi hufa hapo. Mwenye maono kaenda, warithi wanagombana, wafadhili wanageuka. Huyu alikuwa ameshamtaja mrithi, Bodhinatha Veylanswami, aliyekuwa naye kwa miongo kadhaa, na alikuwa ameshaacha masharti yaliyoandikwa, na kesho yake asubuhi zamu ya Kadavul iliendelea kama jana. Narudi kwenye hoja yangu, kilichobeba mradi kuvuka kifo cha mwenyewe ni ile tabia ya kila mtu kujua yeye ni kipande cha saa tatu na baada yake kuna mwingine. Granaiti isingewaambia nini cha kufanya.

Ndo maana sishtuki na swali la kama msingi utafika miaka 1000. Kimbunga Iniki kilipiga Kauai Septemba 1992, kikang'oa mapaa kisiwa kizima, hekalu la mawe yenye uzito ule sidhani lingetikisika. Ninachohofia ni watu. Wanapokea wanaume tu, wasiooa, na wanawataka wakiwa bado vijana kabisa, kwa sababu wanataka kuwafinyanga kabla maisha hayajawafinyanga. Nusu ya binadamu imeshatoka hapo. Iliyobaki, tafuta kijana wa leo, Chennai au Kuala Lumpur au Houston, mwenye simu mkononi na wazazi wanaosubiri mkwe, umwambie aje kisiwani Pasifiki alale mapema na aamke saa tisa usiku kukesha peke yake.

Fanya hesabu ndogo. Siku ina vipande 8 vya saa tatu, wiki ina vipande 56. Kwa watawa 20 kila mmoja anachukua zamu karibu tatu kwa wiki, inabebeka, na hapo bado ng'ombe, gazeti, bustani, wageni, na sasa kuna hekalu la pili kubwa la kuhudumia. Wakibaki 10, ni zamu karibu sita kwa mtu, saa 17 kwa wiki za kukesha juu ya kazi zote hizo, na wale wazee wa rangi ya machungwa walioingia miaka ya sabini ndo haohao watakuwa wanahitaji kuuguzwa. Hela ya kulipa mafundi wa kusafisha jiwe ipo kwenye mfuko. Mtu wa kuingia saa tisa usiku hanunuliki kwa huo mfuko, maana ukimlipa keshakuwa mlinzi.